Sura Kichwani, Maana Je?

Jioni baada ya alasiri, katika baadhi ya nyumba za Mikocheni, Dar es Salaam, geti hufunguliwa na ustadhi huingia. Mtoto, aliyerudi punde kutoka shule ya Kiingereza, hutawadha na kukaa mkekani. Katika mitaa ya jirani, wenzake wamejazana madrasa wakiitikia kwa sauti moja. Nyumba hazifanani, ila somo ni lilelile: Juzuu Amma, sura 37 za mwisho wa Kurani.

Tuchukue Al-Maun, sura ya 107, yenye aya 7. Mtoto huimaliza kwa pumzi mbili tatu. Sura hiyo inamsuta anayemsukuma yatima na anayenyima hata kitu cha kuazimana. Basi jirani akibisha hodi kuazima ngazi, mtoto ana sura nzima kifuani inayohusu jambo hilo, wala hana habari.

Je, tumekosea kumhifadhisha asichokielewa?

Wanazuoni walilijadili hilo zamani. Abu Bakr ibn al-Arabi, kadhi wa Sevilla aliyefariki 1148, alishangaa watoto kusomeshwa Kitabu wasichokifahamu. Alitaka waanze na lugha na mashairi, kisha hesabu, ndipo waingie Kurani. Ibn Khaldun, akiandika mwaka 1377, aliusifu mpango huo, ila akaona desturi haitaukubali: wazazi wanachelea mtoto akishakua atawaponyoka kabla hajasoma. Wazazi wa Dar es Salaam, wanaoshindana na tuisheni na simu, wanaijua hofu hiyo.

Al-Ghazali, aliyefariki 1111, alishika njia nyingine: mtoto ahifadhi itikadi kwanza, maana imfungukie kidogo kidogo. Lakini hakuishia hapo. Alitaka imani hiyo ikuzwe kwa kusoma Kurani pamoja na tafsiri yake, kwa hadithi na kwa ibada, si kwa mabishano. Kumbe hata mtetezi wa kuhifadhi hakuridhika na sauti tupu.

Nayo desturi hupindika. Mwaka 1986 mjini Mombasa, jamii ya Waislamu na Aga Khan Foundation walianzisha shule za awali za Madrasa, zilizochanganya Kurani na michezo na hadithi za watoto. Baadaye zikafika Zanzibar na Uganda. Kisingizio cha lugha nacho hakipo: tafsiri kamili ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilitoka 1969.

Mzazi aliyezoea kumuuliza ustadhi swali la "amefika sura gani?" aongeze la pili: "Ile ya jana, umemweleza inasema nini?"