Kwa Nini Luxembourg

Jamaa zangu hawaelewi kwa nini, nikipata siku chache za kuzuru Ulaya, nisiende Paris au Roma. Nimechagua Luxembourg, nchi ya kilomita za mraba 2,586 tu, ambayo Wakenya wengi wanajua kijiji chake kimoja bila kujua kiko wapi: Schengen. Viza inayotukosesha usingizi ilipata jina kwa kijiji hicho cha wakulima wa zabibu kando ya mto Moselle, ambako mkataba ulitiwa sahihi Juni 14, 1985.

Stakabadhi ziko karibu tayari: taarifa za benki, barua ya kazini, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Nauli za ndani hazinisumbui, maana tangu 2020 mabasi, tramu na treni za huko ni bure, ila ukitaka daraja la kwanza.

Kinachonivuta hasa ni lugha. Mtoto wa huko huanza chekechea kwa Kiluxembourg, kwa kawaida akafunzwa kusoma kwa Kijerumani, kisha akaongezewa Kifaransa. Wazungumzaji wa Kiluxembourg ni wachache, lakini wamekilinda kwa gharama kubwa. Oktoba 1941, nchi ikiwa mikononi mwa Wanazi, watu waliletewa fomu za sensa zilizowauliza uraia wao, lugha ya mama na asili yao. Mtawala alitaka jibu moja, Ujerumani, na maelekezo yalisema lahaja ya kienyeji haihesabiki kuwa lugha. Wapinzani wakasambaza vikaratasi kwa siri: jibuni Luxembourg mara tatu. Fomu za mwanzo zilipokaguliwa, wengi mno walikuwa wamejibu hivyo, na sensa ikafutwa. Hebu fikiria ujasiri wa kuandika jina la lugha yako mbele ya mtu anayeweza kukufunga kwa sababu yake. Mwaka 1984 sheria ikakitangaza Kiluxembourg kuwa lugha ya taifa.

Hapa Uthiru, ukipanda matatu ya kwenda mjini, Kikuyu, Kiluhya, Kijaluo na Sheng vyote utavisikia kabla ya kufika Westlands. Utajiri huo tunauacha mlangoni mwa nyumba zetu. Juzi shosho mmoja jirani alimwomba mjukuu kikombe cha maji kwa Kikuyu. Mtoto akamtazama mamake, mama akamtafsiria kwa Kiingereza, ndipo maji yakaja. Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo linaloniuma. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za kienyeji, lakini serikali haiketi nasi mezani usiku.

Kasri na ngome nitazitazama, ila nataka zaidi kukaa na wazazi, hasa wale wanaoshinda kazini wakisema Kifaransa, niwaulize wanafanyaje jioni mtoto akiwajibu kwa lugha ya shule.