Thuluthi Tatu za Tumbo

Ndugu zetu Waislamu, tumezoea kumsifu aliyenenepa kupita kiasi: “Mashallah, afya hiyo!” Afya gani? Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya wanawake watu wazima wa Kenya wamezidi uzito unaofaa. Nasi wanaume hatukusalimika. Uzito huo huleta kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Mtume (S.A.W.) ametufunza thuluthi ya tumbo iwe chakula, thuluthi maji, thuluthi pumzi. Sisi hufunga mchana kutwa, kisha sambusa, kaimati na mbaazi za nazi zikajaza thuluthi zote! Mwenye kilo 100 akipunguza 5 hata 10, shinikizo na sukari huanza kuteremka. Basi aliye Ngara, mwenye miguu mizima, aiachie gari nyumbani aje Jamia kwa miguu.