Siri ya mtungi

Hivi, fundi anayetengeneza kompyuta ya mtu ana haki ya kujua mangapi? Wengi humwogopa fundi mwizi, yule anayechomoa memori nzima na kupachika mbovu. Mimi namwogopa zaidi fundi mdadisi. Huyu atakurudishia mashine haijapungua kitu, na hutajua kamwe alichoondoka nacho.

Kwenye Linux kazi kubwa hufanyika katika lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Mojawapo ni sudo, iliyoandikwa karibu mwaka 1980 na Bob Coggeshall na Cliff Spencer, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilichopo Buffalo. Ukiitanguliza, unakuwa bwana wa mashine yote: faili za kila mtu unaweza kuzisoma au kuzifuta. Katika mifumo mingi, siku ya kwanza hukupa wosia wa mambo 3, na la kwanza ni kuheshimu faragha ya wengine. Ikishasema, basi. Haikufuati kuona kama umetii.

Utaniambia, kwani atatengenezaje asichokiona? Mbona anaweza. Umeme ukikatika ghafla na diski ikavurugika, tunatumia fsck. Amri hii hukagua daftari la diski tu: faili ipi iko wapi, ina ukubwa gani. Barua ya mapenzi na risiti ya saruji kwake ni sawasawa. Diski inapona bila mtu kusoma hata mstari.

Ila kuna mahali hoja yangu inabanwa. fsck ikikuta faili iliyopoteza jina, huiweka kwenye folda iitwayo lost+found, ikiwa na namba tu. Mama mmoja jirani aliniletea kompyuta ya marehemu mumewe, na humo mlikuwa na faili za namna hiyo. "Mwanangu, nitafutie picha zetu," akasema. Nitazijuaje bila kuzitazama? Na mwenyewe hayupo tena wa kuombwa ruhusa.

Nilitumia amri iitwayo file, ambayo husoma alama za mwanzoni na kukutajia aina: hii picha, hii barua. Nikazihamishia picha kwenye flashi bila kufungua hata moja, nikampisha kiti azifungue mwenyewe. Kuhusu barua, nilimwambia zipo. Kuzisoma au kuziacha ni uamuzi wake yeye aliyeishi naye. Mimi niliitiwa diski.

Wapo watakaosema matokeo ni yale yale, siri za marehemu zimeonekana. Sikubali. Siri iliyobaki kwa mke haijatoka nyumbani; ikipita kwangu imeshafika barazani.

Tunasema siri ya mtungi aijuaye kata. Sawa, kata haina budi kuzama mtungini. Fundi kaitwa kuziba ufa, na ufa unazibika kwa nje.