Tone la Oili Chini ya Gari

Haba na haba hujaza kibaba; haba na haba pia hukimaliza. Oili ikivuja penye kizibo cha kumwagia, chini ya injini, dereva asiye na subira huzidi kukikaza kwa spana, hata meno yakalika na hasara ikawa kubwa. Fundi mwenye akili hungoja injini ipungue moto, humwaga oili, hupangusa mahali kizibo kinapokalia, hutia washa mpya ya shaba, kisha hukaza kwa kiasi.

Ndivyo ilivyo nyumbani. Upendo ukianza kuvuja, baba asizidishe ukali, wala mama maneno. Hasira ipoe kwanza. Moyo usafishwe kwa Kitubio. Msamaha utiwe katikati. Bila oili chuma husagana na chuma. Bila msamaha husagana mioyo, hata ya waliounganishwa altareni.