Taa Isije Ikazimika

Masomo: Hesabu 8:23–26, 2 Samweli 21:15–22



Mwezi huu twataka kunena nanyi juu ya mpira wa miguu. Huenda baadhi yenu mtasema, Je, walimu hawa wastaafu wamekosa la kufundisha? Lakini Bwana wetu alifundisha kwa mpanzi na mbegu, kwa mvuvi na wavu, kwa mwanamke na chachu yake. Alichukua yale ambayo watu waliyaona kila siku. Nasi twajua kwamba watu wakitoka ibadani, tangu Kikuyu mpaka Hombolo, neno la kwanza midomoni mwa wengi ni hili: Simba wamefanyaje, Yanga wamefanyaje, na Dodoma Jiji watacheza lini katika Uwanja wa Jamhuri. Basi na tuanzie hapo walipo watu.

Swali letu ni hili. Klabu ifanye nini na wachezaji wake walio nguzo, miaka yao inapoanza kuwa mingi?

Kazi ya mpira ni fupi. Mwalimu wa serikali hushika chaki hata miaka 60. Mchezaji akipita miaka 30, mara nyingi mbio zaanza kupungua, na jeraha lililopona kwa juma moja sasa lakaa mwezi. Golikipa hudumu zaidi, kwa kuwa kazi yake si ya kukimbia sana. Lakini tazameni ugumu wa jambo hili: mguu unapochelewa, akili ya mchezo bado yaongezeka. Mkongwe ajua mpira utaangukia wapi kabla haujapigwa. Vijana humtazama wakatulia. Kwa hiyo viongozi husema, Mwaka mmoja tena. Na mwaka ukiisha husema, Mmoja tena. Hawakosi sababu, maana bado afunga mabao. Ila wakati wote huo hakuna aliyeandaliwa.

Tuchukue mfano ulio karibu. Klabu ya Simba ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mara 4 mfululizo, tangu 2018 hadi 2021. Nahodha wao John Bocco, aliyetoka Azam mwaka 2017, ndiye aliyeongoza kwa mabao katika msimu wa 2020/21, akifunga 16. Baada ya hapo ubingwa ukaenda kwa Yanga mwaka 2022, na 2023, na 2024. Na mwaka huo wa 2024 Simba wakamaliza wa tatu. Ndipo mabadiliko yakaja kwa kishindo. Bocco aliagana na klabu baada ya miaka 7, akaenda kuchezea JKT Tanzania. Saidi Ntibazonkiza wa Burundi, aliyezaliwa 1987, akaondoka. Clatous Chama wa Zambia akahamia kwa watani, Yanga. Wakaingia wachezaji wapya wengi, na kocha mpya, Fadlu Davids wa Afrika Kusini. Mwezi Mei 2025 kikosi hicho kipya kilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, kikafungwa na Berkane 2–0 kule Morocco, na kutoka sare 1–1 Zanzibar. Katika ligi wakawa wa pili.

Sisi si makocha, wala hatutaki kuhukumu. Twaona vijana wale walifanya kazi ya kusifiwa. Lakini twaona pia kwamba walilazimika kujuana na kushindana kwa wakati ule ule. Nguzo nyingi zilipong'olewa kwa msimu mmoja, hapakuwa na nafasi ya mkubwa kumshika mdogo mkono na kumwonyesha njia.

Wala si hapa kwetu tu. AC Milan ya Italia ilitwaa kombe la Ulaya mwaka 2007, nahodha wake Paolo Maldini akiwa na miaka 38. Watu wakastaajabu, nao walikuwa na haki ya kustaajabu. Mwaka 2011 wakatwaa ubingwa wa Italia, wengi wa nguzo zao wakiwa watu wazima sana. Kisha mwaka 2012 wakaondoka kwa pamoja Nesta, Gattuso, Seedorf, Inzaghi na Zambrotta. Shida za fedha nazo zilikuwapo. Lakini ubingwa wa Italia haukurudi kwao mpaka 2022, miaka 11 baadaye. Wahenga walisema, Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Na ikianguka mitano kwa siku moja?

Sasa tufungue Hesabu sura ya 8. Hapo Bwana ampa Musa sheria ya Walawi, nasi twaona ndani yake mambo matatu.

Kwanza, kuna mpaka. Mlawi aliingia katika utumishi wa hema akiwa na miaka 25, na alipofika miaka 50 aliacha kazi ile. Kwa nini? Kazi yenyewe ilikuwa ya kubeba. Wana wa Kohathi walivichukua vyombo vitakatifu mabegani mwao, jangwani, juani. Mungu aliyeyaumba mabega ajua uzito yanaoweza kuuchukua, na ajua mpaka lini. Basi kumwambia mtu kwamba wakati wake wa kubeba umekwisha si kumtukana. Neno hilo Mungu mwenyewe alilisema kwanza, tena aliwaambia kabla hawajachoka, ili mtu ajue tangu ujana kwamba siku ile yaja.

Pili, kuna muda wa kujifunza. Katika sura ya 4 twasoma kwamba waliohesabiwa kwa kazi ya kubeba walikuwa wa miaka 30 hata 50. Mbona sura ya 8 yasema 25? Walimu wa Kiyahudi wa zamani walieleza kwamba miaka ile 5 ya katikati ilikuwa ya kujifunza. Kijana alikuwapo, akiona jinsi wakubwa wanavyofunga na kufungua, kabla mzigo haujawekwa begani mwake. Wakulima wetu wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi walijua jambo hili bila kusoma vitabu. Mzabibu mpya hukaa misimu kabla ya kuzaa vizuri. Mwenye kungoja wa zamani ukauke ndipo apande mwingine, atakaa na shamba tupu akihesabu siku.

Tatu, kuna mahali pa kukaa. Mlawi wa miaka 50 hakufukuzwa hemani. Sheria yasema kwamba ataendelea kuwa pamoja na ndugu zake na kulinda ulinzi. Ila ile kazi nzito hataifanya. Mzigo ulishuka begani, lakini mtu mwenyewe alibaki ndani. Hili ndilo neno ambalo klabu nyingi hulisahau, na makanisa pia.

Tena tumtazame Daudi. Twamjua yule kijana wa kombeo. Lakini katika 2 Samweli 21 twamkuta amezeeka, ameshuka tena kupigana na Wafilisti, na nguvu zamwishia vitani. Jitu mmoja, jina lake Ishbi-benobu, akataka kumwua. Abishai mwana wa Seruya akaja upesi akamwokoa. Ndipo watu wake wakamwapia kwamba hatatoka tena pamoja nao kwenda vitani, asije akaizima taa ya Israeli. Angalieni maneno yao, ndugu. Hawakumwambia kwamba amekuwa mzigo. Walimwita taa. Walimzuia kwa sababu walimpenda, na kwa sababu ufalme wote ulimhitaji mahali pengine. Naye Daudi alikubali. Mistari inayofuata yataja majitu wengine watatu waliouawa na watu wa Daudi, mmoja wao akiuawa na mwana wa ndugu yake. Wale walikuwa wamejifunza kwake. Naye mzee, kama tusomavyo katika 1 Nyakati 22, alikusanya mawe, chuma, shaba na mierezi kwa ajili ya hekalu ambalo mwanawe Sulemani angelijenga. Alijua kwamba hatauona mlango wake ukifunguliwa, lakini alikusanya.

Wapendwa, na sisi Waanglikana wa nchi hii ya kati tuna ushuhuda wetu. Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, na maaskofu wake wakatoka ng'ambo. Mwaka 1955 Yohana Omari aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana katika Tanganyika. Yeye alilala mwaka 1963, lakini njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mwaka 1971 Askofu Alfred Stanway alipomaliza kazi yake, Yohana Madinda alishika fimbo ya uchungaji. Kutoka 1955 hadi 1971 ni miaka 16. Mabadiliko yale yalikuwa na muda wa kuandaliwa. Haukuwa mwisho wa msimu mmoja.

Sasa twaja nyumbani. Katika kwaya zetu yuko kiongozi ambaye mkono wake tu ndio unaoijua sauti ya kwanza hata ya nne. Katika mitaa yetu yuko mtunza hazina ambaye hesabu zote zimo kichwani mwake. Yuko mwinjilisti ajuaye kila kaburi, kila mpaka wa shamba la kanisa, kila nyumba yenye ugomvi. Hao ni watu wema, na kazi yao twaila kama chakula. Lakini Mungu akimwita mmoja wao usiku huu, nani atashika kesho? Mara nyingi jibu ni kimya.

Kwenu wazee wenzetu twasema hivi. Tusingoje mtu aje atunyang'anye kijiti. Kila mmoja wetu aitaje leo jina la kijana anayemfundisha. Asiye na jina la kutaja, aanze juma hili. Mwache kijana aimbishe wimbo mmoja, akosee mbele yako, umsahihishe kwa upole baada ya ibada. Kukosea ukiwapo ni shule. Kukosea ukiwa umelala kaburini ni hasara.

Kwenu vijana twasema hivi. Yako maneno tuyasikiayo uwanjani: mkongwe akipoteza mpira, watu humpigia kelele, Mzee, kalee wajukuu! Kinywa kile kile asubuhi kilikuwa kikiimba Zaburi. Aliyekufungia mabao miaka 7 hastahili hayo kwa pasi moja iliyopotea. Nanyi msiyalete kanisani. Abishai alimwokoa mzee wake kwanza, ndipo akamwambia apumzike. Anayetaka kupokea mzigo na akubali kuubeba kwanza upande mmoja, mkubwa akiwa upande wa pili.

Na kwenu wajumbe wa halmashauri za kanisa twasema neno lililo gumu. Mlawi hakuwa na urithi wa ardhi. Alikula zaka ya watu. Wako wainjilisti waliotembea kwa miguu kijiji hata kijiji, mvua na jua, bila mshahara wa kutosha na wengine bila mshahara kabisa. Siku ya kuwaaga twawapigia makofi, twawavika shuka mpya, twapiga picha. Mwezi wa tatu hakuna abishaye hodi kwake. Hivi ndivyo tulivyowaona wachezaji wengine, waliobebwa juu juu siku ya ushindi na baadaye wakakosa nauli ya kwenda hospitali. Ndiyo maana mkongwe hung'ang'ania nafasi. Hajui atakula nini akiiachia. Mkitaka aachie kwa amani, mwandalieni mahali pa kukaa: fungu dogo katika makisio ya kila mwaka, kiti katika mashauri, na kazi inayolingana na mabega yake, kama kufundisha wakipaimara au kuwatembelea wagonjwa wa jirani. Hilo lipangwe angali na nguvu. Likipangwa siku ya ugonjwa, limechelewa.

Tena tukumbuke kwamba taa haiwashwi na mzee wala na kijana. Mwanga wake ni wa Bwana. Sisi tumepewa kuishika kwa zamu, na aishikaye sasa awe macho amtazame anayekuja nyuma, ili mkono upokee kabla mkono haujaachia.

Tuombe. Ee Mungu, uliyetulinda tangu ujana wetu, usituache tukiwa na mvi. Utupe neema ya kuachia kwa wakati, na ya kupokea kwa unyenyekevu. Uwakumbuke watumishi wako waliochoka ambao sisi tumewasahau, na utuongoze hata milangoni mwao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni sisi ndugu zenu katika Kristo,
Walimu wastaafu