Mbingu ni Mali ya Nani?

Kila jamii inapotaka kutumia mali ya wote kwa jambo lisilojaza tumbo, huzuka swali ambalo si la kupuuzwa: je, yafaa kujenga nyumba ya kutazamia nyota hali wako watu wanaolala na njaa? Sisi twaona kwamba yafaa. Tutaeleza kwa kutumia mfano wa mbali, nao ni jumba la Griffith Observatory, lililo kilimani juu ya jiji la Los Angeles, Marekani.

Jumba hilo lilifunguliwa mwezi wa Mei 1935, wakati mamilioni ya Wamarekani hawakuwa na kazi. Kulipa hulipwa kwa onyesho la chini ya kuba tu, ambako mashine huzitupa nyota darini na kuziendesha mwendo wa mwaka mzima kwa dakika chache, ufundi ulioanza kuonyeshwa Ujerumani mwaka 1923. Lakini kuingia jumbani ni bure hadi leo, na kutazama kwa darubini ni bure vilevile. Katika usiku usio na mawingu, mchukuzi na hakimu husimama katika mstari mmoja, kila mmoja akangoja zamu yake ya kuiona Zohali na pete zake.

Faida iko wapi? Haiko katika Zohali yenyewe, ambayo ingezunguka hata kama hakuna aitazamaye. Iko katika kuona kwa jicho lako. Tangu utotoni twaambiwa kwamba dunia hujizungusha, nasi twaamini kwa kuwa mwalimu amesema. Basi elimu yetu yawa uvumi wenye cheti. Katika ukumbi wa jumba hilo limetundikwa tufe zito la shaba kwa waya mrefu. Hubembea huku na huko mchana kutwa, na kwa kuwa dunia inageuka chini yake, huviangusha vijiti vilivyopangwa sakafuni, kimoja baada ya kimoja. Mtoto asimamaye pale na kusubiri hahitaji kumsadiki mtu. Jamii yenye watoto wa namna hiyo si rahisi kudanganywa, wala si kuhusu nyota peke yake.

Iko pia habari ya aliyetoa mali, nayo haipendezi. Griffith J. Griffith, tajiri aliyezaliwa Wales, aliupa mji ardhi kubwa ya bustani mwaka 1896. Mwaka 1903 alimpiga mkewe risasi. Mama yule alinusurika lakini akapoteza jicho, na mume akafungwa gerezani. Inasimuliwa kwamba baadaye alitazama kwa darubini ya wataalamu huko Mount Wilson, akasema kwamba laiti watu wote wangeweza kuona vile, dunia ingebadilika. Alipotaka kutoa fedha za jumba mwaka 1912, wako waliopinga kupokea zawadi ya mkono ule. Jumba lilijengwa kwa wasia wake, baada ya kufa kwake mwaka 1919. Je, walikosea kupokea? Twadhani hawakukosea, maadamu zawadi haikuhesabiwa kuwa kafara ya kosa. Hata hivyo, jina lililobaki mlangoni ni la mume, si la mke, na jambo hilo latusumbua.

Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1994 tetemeko la ardhi lilizima taa za jiji lile. Watu walitoka nje gizani, wakainua macho, na baadhi yao wakapiga simu jumbani kuuliza mbingu zimepatwa na nini. Hazikuwa zimepatwa na kitu. Zilikuwa nyota tu, ambazo mwanga wa jiji ulikuwa umezificha. Tusiwacheke. Walikuwa na mahali pa kuuliza, na alikuwapo mtu wa kuwajibu.

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi hizi, ambako wanafunzi wengi hukipata darasani kabla ya kukisikia nyumbani, tuna deni letu hapa. Twawafundisha kwamba Kilimia ni kundi la nyota, na kwamba jina latokana na kulima, kwa sababu wakulima walilitumia kuhesabia majira. Mwanafunzi huandika, hukariri, hufaulu, na pengine hajaliona maisha yake yote. Kuba na darubini hatuna katika shule zetu nyingi, lakini giza bado tunalo. Katika mwezi wa Novemba Kilimia huchomoza mashariki jioni, jua linapokwisha kutua. Mwalimu na awatoe wanafunzi uwanjani saa mbili za usiku, awaonyeshe kwa kidole, kisha awatume kwa wazee wao wakaulize kundi hilo huitwaje katika lugha ya nyumbani, na lilipoonekana watu walifanya kazi gani shambani. Majibu yaandikwe upesi, kwani wazee wanaoyajua hawaongezeki.