Simu Ilipita Lini?



Tangu Pasaka naulizwa swali lile lile kwa sura mbalimbali: "Frateri, tukienda hija kwa miguu tutumie apu gani ya ramani?" Nitajibu, ila mnivumilie kidogo, maana jibu langu linaanzia kwenye aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana, Jumamosi ya kuamkia Dominika ya Huruma ya Mungu, tulitoka Bunda vijana 19 kuelekea Kituo cha Hija cha Kiabakari. Baada ya Misa ya Jumapili tungeendelea hadi Butiama, kusali kwenye kaburi la Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere. Kiongozi wa msafara nilikuwa mimi. Nina digrii ya falsafa, nina simu nzuri, nina pawabenki. Nani mwingine angeongoza?

Hatukutaka kutembea kando ya lami siku nzima; mnajua malori ya barabara ya Mwanza yanavyopita. Kwa hiyo mchana nikafungua simu, ikanionyesha njia ya ndani ya kama kilomita mbili na nusu hivi, ingetutoa mbele kabisa. Tukaingia. Chini ya mwembe tulimkuta bibi mmoja anapukuchua mahindi. Tukamwamkia shikamoo, akatuitikia, akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia.

"Huko hakupitiki, baba. Korongo limejaa. Zungukeni juu, kwenye shule."

"Kuna njia, bibi," nikasema, nikamwonyesha kioo cha simu.

"Nani kakwambia?"

"Simu."

Akaitazama, akanitazama mimi. "Simu ilipita lini?"

Vijana walicheka sana. Mimi pia nilicheka, nikamshukuru kwa heshima zote, halafu nikafuata simu. Njia ya bibi ilikuwa ndefu zaidi ya mara mbili, na kati yetu kulikuwa na binti mwenye pumu aliyeanza kuchoka. Nilijiambia ninamhurumia. Ukweli ni kwamba sikutaka kuonekana sijui.

Korongo lilikuwa limejaa. Maji ya udongo, yanakwenda kwa kasi, na ule mstari wa kwenye simu unakatiza katikati yake kama vile hakuna kitu. Kaka wawili walianza kuvua viatu wapime kina. Nilikaa kimya kama dakika nzima, na hiyo dakika ndiyo niliyoipeleka kitubio, kwa sababu ndani yake nilikuwa napiga hesabu ya kuwaruhusu. Kilichotuokoa ni kijana wa miaka kama 12 aliyekuja nyuma yetu anakimbia. Bibi yake alikuwa amemtuma tangu tulipoondoka. Alijua hatutasikia.

Tuligeuka. Yule binti alitumia dawa yake ya kuvuta mara tatu kabla ya kufika shuleni. Kiabakari tuliingia saa tatu usiku.

Sasa, simu ilidanganya? Nimelifikiria sana hili. Watu wengi tunachanganya vitu viwili. Satelaiti za GPS zinakusaidia kujua upo wapi, na hilo halihitaji bando wala mtandao. Simu inapokea tu mawimbi kutoka angani. Lakini satelaiti haijui njia. Njia imechorwa na mtu. Pengine aliyechora ile yetu aliona picha iliyopigwa kiangazi, korongo kavu, ng'ombe wanapita, akachora alichokiona. Hakusema uongo. Mchoro wake ulikuwa kweli mwezi wa saba, na mimi nikausoma mwezi wa nne, masika yamekolea.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anapochambua busara katika Summa Theologiae, anaweka ndani yake utayari wa kufundishwa. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: mambo ya kutenda yana sura nyingi mno, hakuna mtu mmoja anayeweza kuyaona yote, basi tunahitaji kufundishwa na wengine, hasa wazee wenye uzoefu. Hilo nililiandika kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Chini ya mwembe sikulikumbuka.

Ningeweza kuishia hapo: tupa simu, sikiliza bibi. Mwalimu mwenyewe mwaka 1967 alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, na hakuwa na apu. Lakini huo ungekuwa ujanja wa mahubiri, na sisi watu wa Mara hatuna haki ya kuusema kirahisi.

Mfikirie binti wa huku kwetu kwenye likizo ya Desemba, ambaye wazee wa ukoo wameshapanga siku ya kumkeketa. Sheria imekataza tangu 1998 kumfanyia hivyo aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haifiki kijijini usiku. Kwake yeye, wanaoijua njia ndio anaowakimbia. Shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, lina nyumba salama Butiama na Mugumu za kuwapokea mabinti kama hao. Gari linalokwenda kumchukua linahitaji kujua kitongoji kilipo, na kwa miaka mingi vijiji vingi vya huku kwenye ramani vilikuwa weupe mtupu. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Crowd2Map. Watu wa nchi za mbali, ambao hawatakanyaga Mara maishani, wanakaa jioni kwenye kompyuta kuchora nyumba na barabara zetu kutoka kwenye picha za satelaiti. Wenyeji wenye simu wanaongeza majina. Yote yanaingia OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaweza kuisahihisha.

Kwa hiyo mgeni aliyechora kutoka mbali aliniponza mimi, na mgeni kama yeye anaweza kumwokoa binti. Mzee wa pale alinionya mimi. Mzee wa pale anaweza kumfunga binti mlango. Siwezi tena kuuliza tu kama niamini simu au mtu. Nauliza huyu anayeniambia njia ananitakia nini, na kama nikipotea atatuma mtu anifuate.

Haya, apu. Google Maps inakuruhusu kupakua eneo, lakini bila mtandao haikupi maelekezo ya kutembea kwa miguu, ya gari tu. Mimi sasa natumia Organic Maps: inasoma OpenStreetMap, inafanya kazi bila bando, haina matangazo wala haikufuatilii ulipo. OsmAnd ina mambo mengi zaidi, hadi mistari ya miinuko, ila inataka uvumilivu kuijifunza. Pakueni ramani mkiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri, na simu mbili ziwe na chaji, si moja ya kiongozi. Na msirushe mubashara mahali mlipo wakati mna mabinti kwenye msafara. Wanaowatakia mema wataambiwa kwa simu.

Mwezi wa tisa nilirudi kwa bibi na kilo mbili za sukari. Korongo lilikuwa kavu, ng'ombe wanapita, kama kwenye picha. Nikaacha ujumbe kwenye ramani kwamba hapo hapapitiki wakati wa masika. Nikamwuliza kama niweke na nyumba yake, wasafiri wapate pa kuuliza.

"Usiniandike," akasema. "Andika kisima. Wakija kunywa maji nitawaona."

Kisima nimekiandika.